W na Y Hazijaharibika

Nataka kubishana na sentensi moja. Inasemwa kwenye mikutano ya wazazi, inasemwa na baadhi ya walimu, inasemwa hata na wafanyakazi wa mashirika waliojifunza Kiswahili juzijuzi tu: "Vijana wa kambi wameharibu Kiswahili." Ukiuliza wameharibu nini, mifano haichelewi. Eti wanasema mayi badala ya maji. Wanasema kuya badala ya kuja. Wanasema byakula badala ya vyakula, na mutoto badala ya mtoto. Ukiyapanga hayo mashtaka vizuri utaona mengi yanazunguka sauti mbili ndogo sana, w na y, pamoja na ndugu zao u na i.

Wengine wameenda mbali zaidi. Mwaka 2024 kongamano la dunia la Kiesperanto lilifanyika Arusha, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na sasa kuna vijana hapa wanaojifunza lugha hiyo. Ni jambo zuri. Lakini kwenye mdahalo wetu wa kituo cha vijana nikasikia hoja mpya: eti lugha iliyotungwa na mtu mmoja, kanuni zake zikaandikwa kitabuni, ndiyo lugha safi, kwa sababu haibadiliki mdomoni. Na eti sisi tungekuwa na nidhamu ya namna hiyo, Kiswahili chetu kisingeoza.

Sawa. Hoja hiyo nitaifuata hukohuko ilikokimbilia, kwenye lugha ya kutungwa, maana huko ndiko inakoangukia.

Kwanza tuelewane hizi w na y ni kitu gani. Hebu fanya jaribio hapo ulipo. Sema u-a polepole. Sema tena haraka. Ongeza haraka. Utajikuta umesema wa. Sasa sema i-a, haraka, haraka zaidi: ya. Siri yote ni hiyo. W ni u iliyoharakishwa, y ni i iliyoharakishwa. Vitabu vya sekondari vinaziita viyeyusho, wengine wanasema nusu irabu, na jina hilo linaeleza vizuri: ni nusu irabu na nusu konsonanti, basi zimekaa mpakani. Na sisi tuliokimbia tunajua mambo ya mpakani. Ukikaa hapo, kila upande unakuita wa upande wa pili.

Kiswahili sanifu chenyewe kimejengwa kwa kuharakisha huku. Ku na enda zikakutana, tukapata kwenda. Mu na alimu, mwalimu. Vi na akula, vyakula. Ki na akula ilienda mbali zaidi: ile i iligeuka y, y ikabanana na k, zikatoka pamoja kama ch, ndiyo maana tunasema chakula. Na usifikiri kanuni hii inatembea kama askari wa gwaride. Tunasema kwenda, lakini hatusemi kwandika, tunasema kuandika. Tunasema vyakula, lakini hatusemi myaka, tunasema miaka. Ku na anza zimetupa maneno mawili kwa mpigo: kuanza, na lile kwanza tunalotumia kila siku. Hakuna aliyesema mababu walioanza kusema kwanza waliharibu kuanza.

Sasa twende kwenye Kiesperanto.

Aliyekitunga ni daktari wa macho, L. L. Zamenhof, aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Urusi na leo uko Poland. Mji ule ulikuwa na Warusi, Wapoland, Wajerumani na Wayahudi, kila kundi na lugha yake, kila kundi likimtazama mwenzake kwa jicho baya. Mkazi wa kambi hahitaji kuelezwa zaidi. Zamenhof akaona watu hawa wapate lugha ya pili ambayo si ya kundi lolote. Kijitabu cha kwanza kilitoka Warsaw mwaka 1887. Sarufi ilikuwa na kanuni 16. Herufi 28, kila herufi na sauti yake moja, kila neno linatamkwa kama lilivyoandikwa. Na mwaka 1905, katika kongamano la kwanza la dunia huko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, wenye lugha wakakubaliana kwamba msingi wake usiguswe na mtu yeyote, hata mtunzi mwenyewe.

Kama kuna lugha iliyofungiwa mlango vizuri, ndiyo hiyo. Sasa tuone w na y zilifanya nini humo ndani.

Katika zile herufi 28 hakuna w wala y. Sauti ya y inaandikwa kwa j. Sauti ya w ina herufi yake, u iliyovishwa kofia, ŭ, lakini kwa kawaida inakaa baada ya a au e tu. Na ina kazi ya kweli. Neno ankoraŭ, maana yake bado, lina silabi tatu, na mkazo unaangukia ko, kwa sababu ile ŭ ya mwisho haihesabiwi kuwa silabi. Neno balau, maana yake fagia, lina u kamili, basi mkazo unaangukia la. Kofia ndogo juu ya herufi inahamisha uzito wa neno zima. Mtunzi alijua alichokuwa anafanya.

Lakini dunia ni kubwa kuliko meza ya mtunzi. Yakaja majina yenye w mwanzoni na katikati, na ŭ haikuzoea kukaa huko. Wafanyeje? Mara nyingi waligeuza w kuwa v. Washington ikawa Vaŝingtono. Malawi ikawa Malavio. Zimbabwe ikawa Zimbabvo. Botswana ikawa Bocvano. Hata Kiswahili chetu kinaitwa la svahila. Na Rwanda ikapita njia nyingine, w yake ikarudi kuwa u: Ruando. Angalia hapo: w moja, njia mbili, katika lugha yenye kanuni 16 na msingi usioguswa. Na wapo wenye lugha hiyo wanaosema hapana, tuipe ŭ ruhusa ya kuanza neno, yaishe. Wanabishana mpaka leo. Hakuna anayesema Kiesperanto kimeoza.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Mdomoni mambo yanaendelea vilevile. Neno la bwana ni sinjoro. Kwa kanuni ni n, halafu y. Lakini watu wengi wakilisema kwa kasi, n na y zinayeyuka kuwa sauti moja, kama ile ya nyumba. Neno la "yangu" ni mia, limeandikwa sawasawa na mia yetu ya kuhesabia pesa. Na kama vile sisi tukisema mia katikati inachungulia y ndogo, karibu miya, na wao inawachungulia hivyohivyo. Haikuandikwa na mtu. Ulimi ukitoka kwenye i kwenda kwenye a lazima upite hapo, hauna daraja jingine.

Ushahidi mkubwa kuliko yote ulikuja mwaka 1907. Baadhi ya waliotaka kukirekebisha Kiesperanto walitoa lugha mpya iliyozaliwa tumboni mwake, wakaiita Ido. Ido ilirudisha herufi w na y. Kiesperanto kilisema lingvo kwa maana ya lugha. Ido ikasema linguo, na inatamkwa lingwo. Kiesperanto kilisema kvar kwa maana ya nne. Ido ikasema quar, inatamkwa kwar. Basi v ikawa w. Kutoka 1887 mpaka 1907 ni miaka 20 tu. Lugha iliyotungwa mezani, na watu waliosoma, kwa karatasi na kalamu, ilikaa miaka 20 ikamzaa mtoto ambaye w yake si ya mama.

Halafu mnataka Kiswahili kilichovuka Ziwa Tanganyika na mizigo kichwani kisiguswe hata y moja?

Kuna mtunzi mwingine ninayempenda kwa sababu yeye hakujidanganya. J. R. R. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akawa profesa wa lugha Oxford. Wengi mmeona filamu zilizotokana na kitabu chake cha The Lord of the Rings, kilichotoka 1954 na 1955. Ndani yake kuna lugha aliyoitunga mwenyewe, Quenya. Tolkien alijua kwamba lugha isiyobadilika itasikika ya bandia, basi akaitungia na historia ya sauti zake. Neno la hewa zamani lilikuwa wilya. Baadaye wenye lugha, ambao hata hawakuwahi kuwepo duniani, wakaanza kusema vilya. W ikawa v. Alifanya hivyo makusudi, ili watu wake wa hadithi waonekane wameishi, wamehama, wamezeeka, wamezaa.

Kwa hiyo tuna watunzi wawili. Mmoja alijaribu kufunga mlango, w ikatoka dirishani. Mwingine alifungua mlango mwenyewe kwa sababu alijua lugha ya watu walio hai iko hivyo. Mimi sijaona ushahidi wa tatu wa kunifanya niamini kwamba kuna lugha safi mahali fulani inayotungoja.

Turudi kambini sasa, tukiwa na macho mapya.

Mtoto wa Kikongo anasema mayi. Mnasema amevunja j. Amevunja wapi? Tshiluba kinasema mayi. Kilingala kinasema mai. Mrundi anasema amazi. Mtu wa pwani anasema maji. Ni neno moja la mababu, lilipita kwenye midomo tofauti, likatoka na y huku, na z kule, na j kwingine. Chukua na kuja: mwenzetu wa Congo anasema kuya, Mlingala anasema koya, Mrundi anasema kuza. Safu ileile: j, y, z. Mkiweka vijana watatu kutoka zoni tatu wamepanga foleni kwenye bomba moja, mnapata somo zima la isimu bila kulipa ada.

Mtoto anasema byakula. Mnyarwanda anasema ibintu byanjye. Mrundi anasema ibintu vyanje, na hiyo vya yake ni ndugu kabisa wa vyangu ya Kiswahili sanifu. Wote wamefanya kazi ileile ya kuharakisha i mpaka ikawa y. Tofauti ni konsonanti iliyotangulia tu.

Na mutoto? Hapa ndipo ninapocheka kidogo. Kiambishi cha zamani ni mu. Pwani waliimeza u, wakabaki na mtoto, mtu, mti. Lakini u ile haikufa, ukiiwekea irabu mbele inarudi ikiwa w: mwana, mwalimu, mwezi. Basi mtoto wa Uvira anayesema mutoto ameitunza u ambayo wengine waliiacha njiani. Nani kaharibu na nani katunza?

Mtaniambia haya ni mambo ya wasomi, yana faida gani kwa mtu anayengoja mgao. Yana faida, na yana hasara, nitazitaja.

Nilikuwa na binti mmoja kwenye kikundi cha mdahalo, anayejenga hoja kuliko wavulana wote. Siku moja jukwaani akasema "wageni wanakuya". Ukumbi ukacheka, na mtu mzima aliyekuwa mbele akacheka nao. Miezi mitatu binti yule hakufungua mdomo mbele ya watu. Tulipoteza hoja zake kwa sababu ya y moja.

Nilimjua kijana mwingine aliyekwenda kufanya usaili wa ukalimani. Akaambiwa Kiswahili chake si kizuri, anasema mayi na byakula. Sasa nauliza, angekwenda kuwatafsiria akina nani? Akina mama wale wa Fizi na Baraka, ambao wao wenyewe wanasema mayi na byakula. Alikataliwa kwa kuongea kama watu aliotakiwa kuwaelewa.

Na kuna majina. Hili liko mezani kwa wafanyakazi wa mashirika, naomba mlisome mara mbili. W na u, y na i, kwenye karatasi za Congo na Burundi zimekuwa zikibadilishana viti tangu ukoloni. Wabelgiji waliandika Ruanda. Leo tunaandika Rwanda. Mwandishi mmoja anaandika Mwamba, mwingine anaandika Muamba. Huyu Byamungu, yule Biamungu. Kwa sikio ni mtu yuleyule. Kwa kompyuta ni watu wawili, pengine hata si ndugu. Kaka na mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja, mmoja aliandikishwa akiwa na w na mwingine akiwa na u, kila mmoja na faili lake, na siku ya kuunganisha familia mtu anaangalia kioo cha kompyuta anasema "huyu hayupo". Yupo. Amesimama mbele yako. Isiyokuwepo ni herufi uliyoitafuta.

Najua jibu la wazee wangu. Watasema: kijana, ukiruhusu kila kitu, mwisho maana itapotea. Hapo sibishani nao, na sijasema kila kitu kiruhusiwe. Mtoto anakua. Mtoto anakuwa. Mtoto anakuua. La kwanza ni baraka, la pili linangoja neno jingine, la tatu kimbia. Herufi zinabeba maana, na kijana anayeandika "nataka kua mwalimu" kwenye barua ya maombi afundishwe, asibembelezwe. Lakini afundishwe kwa sababu zake. Mwambie w ni u iliyoharakishwa, mpigie makofi silabi, asikie ku-wa na ku-a kwa masikio yake. Atashika. Ukimcheka hatashika, atanyamaza tu, na kunyamaza hakujawahi kumfundisha mtu tahajia.

Watasema pia: Kiswahili sanifu ndicho cha wote. Ni kweli tunakihitaji, na mimi ninaandika kwa hicho hapa. Lakini nacho kilichaguliwa mezani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichukua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Ni vazi la kuvaa tukienda kukutana na watu wa mbali. Kuwa na vazi la safari hakufanyi nguo za nyumbani kuwa uchafu.

Kwa hiyo ninadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Walimu na viongozi wa vikundi: fundisheni kwa jozi. Mayi na maji, kuya na kuja, byakula na vyakula. Mtoto ajue zote mbili, ajue ipi anaitumia wapi, ajue na kwa nini. Aliye na mbili hana upungufu kwa aliye na moja.

Mnaoajiri wakalimani: pimeni kama anaelewa na kama anaeleweka. Kama hawezi kumwelewa bibi anayesema mayi, huyo ndiye wa kukataliwa.

Mnaoandikisha watu: mwenye jina alitamke, aliandike mwenyewe kama anaweza, na kama hawezi msomeeni mlichoandika. Mkitafuta faili, jaribuni w na u, jaribuni y na i, kabla ya kutamka neno "hayupo".

Na vijana wenzangu, msifikiri mmepona. Mrundi akisema Rwanda polepole, katikati ya r na w inasikika kama kuna g, karibu Rgwanda. Ndivyo w inavyofanya kwao ikikutana na konsonanti, na wameirithi kwa wazazi wao. Mnamwigiza, mnaanguka kwa kicheko, halafu kesho mnalalamika mmechekwa kwa mayi. Chagueni moja.

Wanaotaka kujifunza Kiesperanto wajifunze kwa moyo wote, nami nimeanza masomo ya mwanzo. Ila mkifika kwenye lingvo, sikilizeni midomo yenu wenyewe. Nimeshawasikia mkisema lingwo. Sitawasahihisha kwa kicheko. Nitawaambia v iko wapi kwenye kitabu, halafu tutaendelea na ukurasa unaofuata.